Watafiti wa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania
Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaanza kazi mwaka 1983. Uti wa mgongo wake ni wanasheria watafiti: hupekua sheria na hukumu, husikiliza wananchi, kisha huandika ripoti yenye mapendekezo. Mtihani mzito uliwafika baada ya Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuchunguza mfumo wa vyama vya siasa, kuorodhesha mwaka 1992 sheria 40 kandamizi, ikiwemo ile ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini. Kuzichambua ilikuwa kazi ngumu, na ya heshima kubwa. Lakini mtafiti hupendekeza tu. Bunge ndilo hutunga. Kwa mfano, watafiti walitoa ripoti kuhusu Sheria ya Ndoa mwaka 1994, lakini kifungu kilichoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kilikuwa bado kipo Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakiuka Katiba mwaka 2016.