Kabla ya "Muamala Umesoma": Babu Zetu wa Simiyu Hawakuwa Washamba

Leo umbea tunauweka pembeni kidogo, tunarudi nyuma.

Kila ukoo una babu mmoja wa aina hii. Yupo Bariadi, Maswa au kule Mwanhuzi, kitochi chake kimefungwa rababendi. Siku ya kwanza unamtumia hela kwa simu anakujibu: "Mjukuu wangu, mbona naona maandishi tu? Hela zenyewe ziko wapi?" Ukoo mzima unacheka. Unaenda kusimulia kijiweni mjini, nako wanacheka.

Jina lake hatulitaji, si unajua kwetu majina hayatajwi. Ila leo tunamtetea, maana historia iko upande wake.

Turudi miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkoa wa Simiyu bado haupo, utakuja kuzaliwa 2012. Bariadi ipo ndani ya wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, na zao la hela ni pamba. Mkulima analima, anapalilia, anavuna, anafikisha mzigo kwenye kituo cha kununulia. Pale anakutana na teknolojia ya zama zile: mizani. Mizani ni ya mnunuzi, anayeisoma ni mnunuzi, na anayeandika ratili ni huyohuyo mnunuzi. Mkulima anatajiwa namba tu, anapewa chake, anaondoka.

Malalamiko yakawa mengi kwamba mizani inachezewa. Sasa angalia walichofanya. Hawakusema "hatutaki mizani, turudi kukadiria kwa macho." Walijichanga, wakaweka watu wao wanaojua kusoma mizani wasimame vituoni wakati pamba inapimwa. Yaani walikikubali kifaa, ila wakataka jicho lao liwepo.

Vuguvugu hilo ndilo lililokuza ushirika. Kijana mmoja aliyeongoza harakati hizo, Paul Bomani, baadaye akawa waziri na balozi. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na mwishoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Watu walioanza kwa kutoiamini mizani wakaishia kumiliki hadi viwanda vya kuchambulia pamba!

Lakini stori haikuishia kwenye raha. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati kuchunguza ushirika, ikakuta ubadhirifu na uongozi mbovu. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na vilivyorudi miaka ya 1980 vikaja na ugonjwa mwingine: unapeleka pamba leo, unapewa karatasi, hela unaisubiri miezi. Kwa hiyo babu alijifunza mara mbili. Kwanza, namba inaweza kudanganya. Pili, karatasi siyo hela mpaka hela iwe mkononi.

Haya, sasa mlete mtu huyo mwaka 2008.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Kenya ilishika moto haraka: baada ya miezi 14 ilikuwa na watumiaji takriban milioni 2.7. Kwetu, kwa muda uleule, walikuwa takriban 280,000 tu. Kabla ya hapo hela ya nyumbani ilisafiri kwenye bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi au ndugu anayerudi. Ulikuwa unaweza kuliwa, ndiyo, ila angalau uliyempa ulimwona uso.

Sasa babu anaambiwa: meseji hii ni elfu ishirini, ipeleke kibandani kwa yule kijana atakupa noti. Kwa mtu aliyepitia mizani na karatasi, swali la "hela ziko wapi" siyo ushamba. Ni ukaguzi.

Na wengi walivyolijibu unalijua, maana mpaka leo tunafanya hivyo. Tuma elfu tano kwanza tuone. Soma meseji mara mbili. Nenda kwa wakala mnayefahamiana. "Nitumie na ya kutolea." "Muamala umesoma?" Huduma ilienea kwa sababu mtu alijaribu kidogo, hela ikatoka, akamwambia jirani. Tangazo la redio lilisaidia, ila noti mkononi ndiyo ilimaliza ubishi.

Na hata baada ya kukubali, watu hawakulala. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, wengi walipiga hesabu, wakarudi kwenye noti. Kelele zikawa kubwa. Haukupita muda mrefu tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikashushwa tena. Teknolojia ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni gharama, na watumiaji wakaisoma hiyo mizani wenyewe.

Sasa tugeukie sisi, watoto wa mjini wenye simu za kugusa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni hizi za kausha damu, unachelewesha rejesho siku mbili, meseji za aibu zinaenda kwa mama mkwe, bosi, hadi ex wako. Zilipataje namba zao? Tulizipa sisi. Programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, tukabonyeza "kubali" bila kusoma mstari hata mmoja.

Yule babu asingebonyeza. Angeuliza kwanza: mizani hii ni ya nani, na nani anaisoma?

Kwa hiyo ukirudi Bariadi ukamkuta anakodolea meseji ya muamala kwa dakika kumi, usimcheke. Kaa naye, msomee taratibu. Halafu mpe simu yako akukague na wewe.

Kwenu nani alikuwa wa mwisho kuiamini hela ya simu, na nini kilimbadilisha? Tupia hapo chini, ila majina hapana!