Utambuzi wa Ekseli za Mbele za Magari ya Zamani Mkoani Mara

Katika gari la zamani, ekseli ya mbele ni pande moja la chuma lililofuliwa, ambalo hubeba uzito wa injini kupitia springi, yaani mabamba ya chuma yaliyolaliana, na hushika magurudumu yanayogeuzwa na usukani. Mtengenezaji aliweka jina lake kwenye rejeta, kwenye boneti na kwenye kibao kilichopigwa ribiti, lakini mara chache sana kwenye ekseli, hivyo kipande hicho kikitengana na gari lake hubaki bila jina. Namba iliyochomoza juu ya chuma, ikiwapo, mara nyingi ni ya kalibu ya kufulia na haitaji aina ya gari. Hata hivyo umbo, vipimo na hesi za chuma chenyewe ni ushahidi, na historia ya usafiri wa Musoma, Bunda na Butiama haina budi kuusoma kwa uangalifu uleule unaopewa nyaraka za serikali.

Mazingira ya kuingia kwa magari hayo yanafahamika. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ilhali reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu, na kwa hiyo kwa miaka mingi mzigo mzito wa Musoma ulitegemea Mombasa, Kisumu na meli za Ziwa Victoria. Pamba ya Bunda na dhahabu ya Buhemba na Kiabakari zilihitaji malori, na katika makoloni ya Uingereza malori ya Ford na Chevrolet yaliyotoka Kanada yalikuwa ya kawaida kabla ya Bedford, iliyoanza mwaka 1931, kuenea kutoka Uingereza.

Swali la kwanza la mtambuzi huhusu springi. Ford ya Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na Model A iliyoifuata hadi mwaka 1931, zilikuwa na springi moja iliyolala kukingama juu ya ekseli, na kwa sababu hiyo ekseli zake hazina vikalio bapa vya springi, bali zina matundu karibu na ncha zake ambamo vishikizo vya springi vilikazwa. Magari mengine mengi ya wakati huo yalikuwa na springi mbili zilizokwenda sambamba na fremu, nazo ziliacha vikalio viwili vyenye matundu ya bolti. Umbali kati ya vikalio hivyo, ukipimwa kutoka katikati hadi katikati, hulingana na upana wa fremu ya mbele, na hivyo ni kipimo chenye thamani kubwa kuliko urefu wa ekseli nzima.

Breki hutoa ushahidi wa tarehe, ingawa unahitaji tahadhari. Model T haikuwa na breki za mbele, Model A ilikuwa nazo, na Chevrolet ilizipata mwaka 1928. Kwa hiyo stabu ekseli, yaani kipande kifupi kinachobeba habu na gurudumu, ikikosa mahali pa kufungia bamba la breki, huelekeza kwenye gari dogo la miaka ya 1920 au kabla yake, au kwenye lori, kwa kuwa malori mengi yaliendelea kusimamishwa kwa breki za nyuma peke yake.

Baada ya hapo huchunguzwa ncha. Katika muundo uitwao wa Elliott, ncha ya ekseli ni panda inayoikumbatia stabu ekseli, na katika muundo uliogeuzwa panda iko kwenye stabu, huku ncha ya ekseli ikiwa na tundu moja la kingipini, yaani pini nene ambayo gurudumu hugeukia. Kinachopimwa ni tundu la ekseli, si pini, kwa sababu pini na bushi hubadilishwa mara nyingi na fundi aliweza kuzichonga upya kwa mashine ya kukerezea.

Mbali na ekseli hizo za pande moja la chuma, kuna kundi la pili, la magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, ambayo ekseli yake ya mbele ni ganda lenye difu ndani yake. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na katika eneo linalopakana na Serengeti, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilikuwa chombo cha kazi cha maofisa na wahifadhi. Ganda lake huishia kwenye tufe kubwa laini, na habu yake ina bolti tano zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 165.1, ilhali Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyoanza mwaka 1960, ina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Tofauti hiyo hubaki wazi hata chuma kikiwa kimeliwa na kutu kiasi cha kuficha kila alama nyingine.

Ushahidi unaopuuzwa zaidi ni hesi, yaani mfereji unaozunguka bolti. Hesi ya Whitworth, iliyopendekezwa Uingereza mwaka 1841, ina pembe ya nyuzi 55, wakati hesi ya pamoja iliyokubaliwa na Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948 ina pembe ya nyuzi 60, kama ilivyo ile ya milimita inayopatikana kwenye magari ya Japani, ingawa nafasi kati ya mizunguko hutofautiana. Hesi iliyochongwa ndani ya ekseli yenyewe inaaminika kuliko ya bolti, ambayo huenda iliokotwa popote.

Tahadhari hiyo ina uzito wa pekee Mara, kwa sababu mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa mwaka 1983, vita dhidi ya Idi Amin vilichukua magari ya raia na mashirika mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni ukazifanya spea kuwa adimu. Mafundi walilazimika kuunganisha sehemu za magari tofauti, na ustadi wao ni sehemu halali ya historia ya vyombo hivyo. Mshono wa kuchomelea, tundu lililopanuliwa kwa moto au kikalio cha springi kilichobandikwa ni kumbukumbu ya miaka hiyo, na mtambuzi anapaswa kuiandika kando ya vipimo vya asili badala ya kuisaga ili chuma kionekane kipya.

Ekseli nyingine ziliingia katika mikokoteni ya ng'ombe na punda, ambako stabu na habu huchomelewa kwenye bomba au pande jipya. Namba ya beringi iliyobaki ndani ya habu hutaja ukubwa wa beringi tu, na beringi moja ilitumika katika magari mengi. Bolti za gurudumu na duara lake husaidia zaidi. Ekseli inayokatwa vipande ili ipimwe kwenye mizani ya chuma chakavu hupoteza kwanza umbali kati ya vikalio vya springi, kipimo ambacho habu, beringi na kingipini zilizonusurika haziwezi kukirudisha.