Namba Mpya Juu ya Chuma cha Zamani: Utambulisho wa Silaha katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Agosti 1914, manowari ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Baada ya vita Waingereza waliitengeneza meli hiyo, wakaiita King George V. Bendera na jina vilibadilika. Chuma kilibaki kilekile. Kwa mali ya kijeshi ya zamani, jambo hilo ni la kawaida.

Nusu karne baadaye, ukanda huu wa Mbinga na Songea ulipakana na eneo la vita vya ukombozi vya Msumbiji (1964–1974). Silaha za FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, zilipitia Tanzania, nyingi zikitoka China na Umoja wa Kisovieti. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Bunduki za rashasha kati ya hizo, ambazo kwetu zote huitwa SMG, zilitoka viwanda tofauti, na viwanda viwili vinaweza kugonga namba moja. Namba ya kiwandani peke yake, basi, haitambulishi silaha. Lazima isomwe pamoja na alama ya kiwanda, aina na mwaka.

Kwa sababu hiyo RECSA, taasisi ya kikanda yenye makao Nairobi, imezigawia nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, mashine za kuchonga alama ya nchi na namba pekee kwenye chuma. Naunga mkono kazi hiyo kwa dhati, ila kwa sharti moja: alama mpya iongezwe, ya zamani isiguswe. Alama mpya hueleza silaha ilikuwa katika nchi gani ilipochongwa. Safari iliyoifikisha hapo husomwa katika zile za zamani, na mpelelezi anayetafuta chanzo cha silaha anazihitaji zote mbili katika rejista moja.

Rejista hiyo isiishie Dodoma. Ng’ambo ya Mbamba Bay ni Malawi, na kusini ni Msumbiji. Zote mbili haziko RECSA, bali zinafungwa na Itifaki ya Silaha ya SADC ya 2001. Tanzania imo pande zote mbili. Bunduki iliyochongwa kwa utaratibu wa Nairobi ikikamatwa Nkhata Bay, upande wa Malawi, askari wa huko ajue herufi zile zina maana gani na amuulize nani. Jukumu la kumjulisha ni letu, kwa kuwa hakuna jirani mwingine wa ziwa hili aliye katika mifumo yote miwili.

Kuna pia suala la muda. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha unataka kumbukumbu zitunzwe bila ukomo inapowezekana. Isipowezekana, zile za utengenezaji zisipungue miaka 30, na nyingine miaka 20. Kiwango hicho cha chini hakitufai. Bunduki iliyovuka Mto Ruvuma mwaka 1970 bado inaweza kufyatua risasi leo. Jalada lake lifungwe siku silaha yenyewe inapoteketezwa, na hati ya uteketezaji iwe ukurasa wa mwisho wa jalada hilo.