Muhogo wa Pwani ulivyowachanganya wataalamu

Kamati ya kimataifa inayopanga virusi katika jamii zake imezipa spishi majina mapya ya maneno mawili. Kimojawapo cha virusi viwili vya michirizi ya kahawia ya muhogo, kile ambacho vitabu vinakiita cha Uganda, spishi yake sasa inaandikwa Ipomovirus manihotis. Watu wa Muleba, Tanzania, watashusha pumzi, maana jina la Uganda halimo humo. Jenomu ya kirusi hicho iliyochapishwa mwaka 2009, yenye herufi 9,069, ilisomwa kutoka muhogo wa kwao, mkoani Kagera.

Lakini mzozo wa virusi vya muhogo na majina yake haukuanzia huko kwenye Ziwa Victoria. Ulianzia Pwani ya Kenya.

Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, katika koloni lililokuja kuwa Tanganyika. Kule Amani, milima ya Usambara, mtafiti Zimmermann alihisi mwaka 1906 kwamba ni kirusi, na mwaka 1936 H. H. Storey akaitenga michirizi kuwa ugonjwa wa peke yake. Hata hivyo, kuhisi si kukamata.

Kukamata kulifanyika Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970. K. R. Bock na wenzake walikamua majani ya muhogo mgonjwa kutoka magharibi mwa Kenya, wakaupaka utomvu wake kwenye mimea ya jamii ya tumbaku, wakapata kirusi chenye chembe pacha. Ingekuwa sherehe, ila Pwani ilikataa kutoa ushahidi. Muhogo wa huko ulikuwa na batobato ya wazi kabisa, majani yamejikunja na kuwa na madoa ya njano, lakini kirusi hakikutoka. Zaidi ya hapo, kirusi kilionekana pia kwenye miti isiyo na dalili. Basi mtuhumiwa akaachiwa: wakakipa jina la kirusi kilichojificha ndani ya muhogo, maana yake hakina hatia.

Kosa lilikuwa kwenye mmea wa kupimia. Walipotumia aina nyingine ya tumbaku mwitu, Nicotiana benthamiana, kirusi cha Pwani nacho kikajitokeza. Mwaka 1983 Bock na mwenzake Woods walikirudisha kirusi kwenye muhogo mzima, nao ukaugua batobato. Jina likabadilishwa kuwa kirusi cha batobato ya muhogo cha Afrika.

Mwaka huohuo, watafiti Stanley na Gay wa Norwich, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature mfuatano wake wote: duara mbili za DNA, moja herufi 2,779, nyingine 2,724. Kirusi chenyewe kilitoka Kenya. Shamba letu, ugonjwa wetu, sifa ikaenda Norwich. Sijui ni wanafunzi wangapi wa kilimo hapa nchini waliowahi kuambiwa habari hiyo.

Mwaka 1993 mfuatano wa vinasaba ulithibitisha kwamba Pwani haikuwa na ubishi wa bure: kirusi chake ni spishi nyingine, cha Afrika Mashariki. Miaka minne baadaye ikajulikana kwamba batobato kali iliyofyeka mashamba ya Uganda ilitokana na virusi hivyo viwili kubadilishana vipande vya vinasaba. Siku hizi watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya wamekwishasoma jenomu shambani kwa mashine ya kushika mkononi.