MZIGO WA ASKARI ANAYEVUKA BAHARI

Ndugu zangu, kijana wetu mmoja, askari, kaniuliza: "Shekhe, naenda kulinda amani ng'ambo, nibebe nini?" Nikamsimulia kisa hiki.

Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wakati wa vita vya Burma. Sare, blanketi, viatu, vyote walipewa na jeshi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300.

Mizigo ilizama nao. Je, mtu kama huyo huacha nini nchi kavu? Deni asilolijua mke. Amana ya jirani. Shamba lisilo na shahidi.

Mtume (s.a.w.) katufundisha: mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Huyo yuko nyumbani kwake, sembuse anayevuka bahari!

Waulizeni ndugu zetu wakimbizi: safari haikusubiri ujipange.

Kijana, begi utapewa kikosini. Wewe lipa deni, andika wasia, omba radhi kwa mama. Allah akurudishe salama. Amin.