Runinga Kubwa ya Bei Nafuu: Ukubwa wa Kioo na Ubora wa Picha

Runinga kubwa ya bei nafuu ni ile yenye kioo cha inchi 55 au zaidi, ambayo muundaji wake, ili bei isiwapite watu wa kipato cha kadiri, amelazimika kupunguza kitu mahali fulani. Na kwa kuwa ukubwa humdhihirikia kila apitaye mlangoni pa duka, hali ubora wa picha haubainiki ila kwa jicho lililotulia nyumbani usiku, kinachopunguzwa aghalabu ni ubora. Hapo ndipo ilipo kadhia ya mnunuzi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue mjini Nairobi, ambaye kwa fedha ile ile huonyeshwa runinga mbili, moja ya inchi 65 yenye kioo hafifu na nyingine ya inchi 55 iliyoundwa kwa uangalifu zaidi, naye hana budi kuchagua moja.

Inchi zinazotajwa huhesabiwa kwa hanamu, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Desturi hii ilirithiwa kutoka runinga za kwanza, ambazo uso wa bomba lake ulikuwa duara, na kipimo chake hakikuweza kuwa kingine ila kipenyo. Urithi huo humpotosha mnunuzi pasipo mtu kukusudia hadaa, kwa sababu jicho haliangalii hanamu bali eneo, na eneo hukua upesi kuliko inchi. Kwa uwiano wa 16 kwa 9, ulioenea katika karibu runinga zote za leo, kioo cha inchi 55 kina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68 hivi. Cha inchi 65 kina 144 kwa 81. Cha inchi 75 kina 166 kwa 93. Aliyetoka inchi 55 kwenda 65 ameongeza eneo kwa asilimia 40, na aliyefika 75 ameongeza asilimia 86. Faida hii si ya kudharauliwa, wala apendaye kioo kikubwa hastahili kuitwa mtu wa fahari tupu: uso wa mchezaji, maandishi ya habari na mpira ulioko upande wa mbali wa uwanja vyote huonekana kwa wepesi zaidi, hasa kwa wazee ambao macho yao yamechoka.

Sababu ya ukubwa kuwa rahisi kuliko ubora imo viwandani. Vioo vya LCD havitengenezwi kimoja kimoja. Hukatwa katika bamba kubwa, kama fundi cherehani akatavyo nguo nyingi katika jora moja, na bei ya kila kipande hutegemea ni vipande vingapi vimepatikana bila bamba kupotea. Bamba la kizazi cha 8.5, lenye milimita 2200 kwa 2500, hutoa vioo sita vya inchi 55, lakini vya inchi 65 hutoa vitatu tu, na sehemu kubwa hubaki kando. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya BOE ya China ilifungua mjini Hefei kiwanda cha kizazi cha 10.5, ambacho mabamba yake, yenye milimita 2940 kwa 3370, hutoa vioo vinane vya inchi 65 au sita vya inchi 75. Viwanda vingine vikafuata, na vioo vilivyokuwa vya matajiri vikashuka bei. Taa zilizo nyuma ya kioo hazikupata baraka ile ile. Kila eneo linapoongezeka huhitajika taa nyingi zaidi na mitambo zaidi ya kuziongoza, na muundaji anayebana gharama huzitandaza chache, mbali mbali, kisha huzisukuma kwa nguvu ili kioo kisionekane kina giza.

Ubora ambao mnunuzi hutajiwa kwanza ni idadi ya pikseli. Runinga ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, mara nne ya zile za HD kamili, ambazo ni 1920 kwa 1080. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini manufaa yake yamefungwa na masafa. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja katika sitini ya digrii; kwa kipimo hicho pikseli za HD kamili hukoma kutambulika mtazamaji anapokuwa mita 2.2 mbele ya kioo cha inchi 55, au mita 2.6 mbele ya cha inchi 65. Aketiye mita tatu mbele ya inchi 55, basi, huwa amelipia utitiri wa pikseli ambazo jicho lake halizioni. Isitoshe, siku hizi karibu kila kioo cha ukubwa huu ni cha 4K, chema na kibaya sawasawa, hata alama hiyo imekoma kuwa dalili ya ubora.

Ubora ulio mzito kuliko wote, nao hutajwa kwa nadra, ni weusi. Kioo cha LCD hakitoi nuru yake chenyewe. Hufungua na kufunga njia ya nuru itokayo nyuma, na hakuna kifungacho kabisa. Vioo vya aina ya VA huzuia nuru vizuri, hata sehemu nyeupe huwa na mng'ao wa mara 3000 hadi 5000 kuliko sehemu nyeusi. Vya aina ya IPS hufika mara 1000 hivi. Mchana, dirisha likiwa wazi, tofauti hii hufichika. Usiku, taa zikizimwa na filamu ikaingia katika onyesho la giza, weusi wa kioo hafifu hugeuka rangi ya majivu, sura za watu huzama ndani yake, na pembeni huzuka mawingu ya nuru mahali taa zilipo. Hapo ukubwa hauponyi ila hiyo, bali huieneza: ukungu wa inchi 75 ni ukungu mkubwa kuliko wa inchi 55. VA nayo ina kasoro yake, kwa kuwa atazamaye kutoka ubavuni huona rangi zimepauka, hali IPS huzihifadhi zaidi kwa waketio kando.

Dawa iliyopatikana ni kuzigawa taa za nyuma katika sehemu na kufifiza kila sehemu kwa kadiri ya picha iliyo mbele yake. Runinga zenye taa kandoni tu haziwezi jambo hili ila kwa uchache. Zenye taa zilizotandazwa nyuma nzima huweza, mradi ziwe na mitambo ya kuongoza sehemu hizo, jambo ambalo runinga nyingi za bei ya chini hazina ingawa taa zao zimetandazwa. Mwaka 2019 kampuni ya TCL ilileta sokoni runinga yenye taa ndogo ndogo kwa maelfu, na aina hiyo imekuwa ikishuka kuelekea bei za kati. OLED, ambayo kila pikseli yake hujiwakia na kujizimia na kwa hiyo weusi wake ni weusi wa hakika, imekuwako kwa inchi 55 tangu mwaka 2013, lakini bado imo nje ya mlango wa mnunuzi tunayemzungumzia. Kwa insafu, kama kuna mahali ambapo fedha ya ziada huleta manufaa makubwa kuliko kwingine, ni hapa katika kufifiza taa, wala si katika inchi kumi za nyongeza.

Alama ya HDR, yaani mfumo wa kupanua tofauti ya mng'ao kati ya weusi na weupe wa picha, inahitaji hadhari. Mfumo huo uliundwa kwa ajili ya mng'ao unaopanda hadi maelfu ya kandela kwa mita ya mraba, hali runinga nyingi za bei nafuu hukomea 300 hivi. Hupokea mawimbi ya HDR, zikayaonyesha kama zijuavyo, na wakati mwingine picha hutoka nyeusi kuliko ile ya kawaida. Mwendo nao hutangazwa kwa tarakimu za 120 au zaidi ambazo si idadi ya picha ambazo kioo huonyesha kwa sekunde, kwani kioo chenyewe ni cha 60.

Linalosahauliwa mara nyingi ni chimbuko la picha. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara ikangoja hadi miaka ya 1990, na usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilianza kuzima mitambo ya analojia, na tangu wakati huo king'amuzi kikawa mlango wa kila sebule. Lakini picha ya kidijitali ya kiwango cha kawaida, yenye pikseli 720 kwa 576, ni sehemu moja katika ishirini ya pikseli za 4K. Kwa kila pikseli moja iliyopokewa, runinga hulazimika kubuni kumi na tisa. Prosesa nzuri hubuni kwa ustadi, mbovu hubuni matope, na chaneli iliyobanwa pamoja na nyingine nyingi katika mkondo mmoja huonyesha vipande vya mraba kila mpira unapopigwa mbali. Mwenye kutegemea king'amuzi peke yake hupata picha tulivu zaidi katika kioo cha wastani. Atazamaye filamu za intaneti, akiwa na bando la kutosha, ndiye mwenye haki ya kutaka kioo kikubwa.

Umri wa chombo nao umo katika mizani. Taa za nyuma hufungwa kwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, na moja ikifa mstari wote huzimika; ndipo runinga hutoa sauti pasipo picha, na fundi akimulika tochi kiooni huiona picha imefifia ikiendelea. Taa zikiwa chache na kusukumwa sana, siku hiyo huja mapema, na anayepunguza mwangaza wa nyuma tangu siku ya kwanza huiahirisha. Kioo kikivunjika, gharama ya kukibadili hukaribia ya runinga mpya, kwa hiyo inchi 75 isafirishwe ikiwa imesimama wima, kamwe isilazwe.

Kwa sebule ya futi kumi kwa kumi, ambamo kiti kikiegemezwa ukutani macho huwa mita 2.3 hivi mbele ya kioo, inchi 55 hujaza pembe ya digrii 30, ambayo ni kadiri inayotosha kuizamisha nadhari ndani ya picha bila kuchosha shingo. Hapo fedha iliyosalia na iende katika weusi na prosesa. Sebule ya mita tatu au zaidi, iliyo na madirisha mapana na mazoea ya kutazama mpira mchana, huhalalisha inchi 65 au 75 hata kwa kioo cha kawaida, kwa kuwa nuru ya mchana huficha kasoro zile zile ambazo usiku ungezifichua. Kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea mpira na filamu, ni kadhia mbali: watu huketi hadi pembeni kabisa, wa nyuma wako mbali, na humo IPS kubwa yenye weusi dhaifu humfaa mwenye kibanda kuliko VA ndogo yenye weusi wa kupendeza.

Dukani runinga huwekwa katika hali ya maonyesho, rangi zikiwa zimekolezwa na mwangaza umepandishwa mwisho, na mkanda unaochezwa una maua na samaki wa matumbawe, visivyo na giza hata kidogo. Mnunuzi aombe hali hiyo iondolewe, achomeke flashi yake yenye onyesho la usiku na kipande cha mpira kilichorekodiwa kutoka chaneli aizoeayo, kisha arudi nyuma hatua zile zile ambazo sebule yake itamruhusu, na atazame pia akiwa amesimama kando.