Pembe za Ndovu na Nyonga za Vijana

Karne moja na nusu iliyopita, mzigo wa thamani uliopita chini ya milima ya Uluguru ulikuwa pembe za ndovu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizibeba begani kutoka bara hadi Bagamoyo. Njia mojawapo ilipita kwenye mji wa Kisabengo, kiongozi wa Kizigua aliyejijengea ngome ilipo Morogoro ya leo. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1871 aliukuta una ukuta wa mawe na minara, ukitawaliwa na Simbamwene, binti wa Kisabengo. Mwaka uliofuata mafuriko yaliuharibu vibaya.

Zikipitia Unguja, pembe zilivuka bahari zikachongwa vichana, vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Kisha mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck akaichonga pembe ya ndovu kuwa goti. Aliyewekewa alikuwa msichana wa miaka 17 ambaye goti lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu. Mwaka 1891 Gluck akatumia pembe kwa kichwa cha nyonga. Usaha wa kifua kikuu uliviharibu viungo hivyo vya pembe kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo upasuaji wa kubadilisha viungo haukuanza kwa wazee. Ulianza kwa kijana, na kijana ndiye aliyeusumbua tangu hapo.

Pembe haikuachwa moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1960, huko Mandalay, Burma, daktari San Baw aliweka nyonga za pembe zaidi ya 300, kwa wagonjwa wa miaka 24 hadi 87, na wengi waliweza tena kuchuchumaa na kuendesha baiskeli. Lakini dunia ilimfuata John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Kikombe chake cha kwanza, cha tefloni, kililika ndani ya miaka michache, na ilibidi wagonjwa wapasuliwe upya. Novemba 1962 akageukia plastiki ngumu zaidi, na kichwa cha chuma kikazunguka ndani yake. Hata hapo aliwaogopa vijana, na alikuwa na sababu. Kijana hutembea sana na huishi sana. Plastiki inaposagika, vumbi lake huufanya mwili uule mfupa wenyewe, nyonga ikalegea.

Hesabu zilizokusanywa tangu hapo zimemuunga mkono. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa katika kila nyonga bandia 100, kama 58 hudumu miaka 25. Huko Uingereza, mtu aliyebadilishiwa nyonga baada ya miaka 70 ana uwezekano wa kama asilimia 5 wa kupasuliwa tena maishani mwake. Kwa mwanamume wa miaka hamsini na kidogo uwezekano huo ni mkubwa mara kadhaa.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo Tanzania, ambako nyonga ya kijana mara nyingi huharibiwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo ya damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa huweza kufa na kubonyea, na baridi yabisi ikafuata hata kabla mtu hajatimiza miaka 30. Taasisi ya Mifupa ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hubadilisha nyonga pale Muhimbili, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro.

Mkulima wa Mgeta, huko milimani Uluguru, hapandi ngazi za nyumba, anapanda matuta. Hushuka na tenga la kabichi kichwani, hupalilia ameinama, na chooni huchuchumaa, mkao ambao unaweza kuichomoa nyonga bandia. Akibadilishiwa akiwa na miaka 30, huenda akahitaji nyingine akiwa na miaka 55, bado ana shamba, na upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kwa kuwa mfupa umepungua. Haki yake ni kuambiwa hayo kabla ya kisu. Na kwa kuwa nyonga huanza kulegea kimyakimya, eksirei ya kila baada ya miaka michache hulionyesha tatizo mapema kuliko maumivu. Picha hiyo haimlazimu kusafiri hadi Dar es Salaam. Inaweza kupigwa Morogoro mjini, siku hiyo hiyo aliyoteremka sokoni.